Pauni 120 za Dada Yangu: Nani Analipa, na Nani Analindwa?

Najua nimepotea kidogo hapa ukurasani. Kazi zilikuwa nyingi, na wale mnaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, vumilieni, inakuja. Leo nataka tuongee jambo ambalo kwa kulitazama haraka utasema halihusu kompyuta hata kidogo: ada ambayo wauguzi wa Uingereza hulipa kila mwaka kwa baraza linalowasimamia. Usiondoke bado. Ukifika mwisho utaona kwamba mambo haya yalitubishia hodi hata sisi waandishi wa programu hapa Kenya, tena si mara moja.

Nimeingiaje kwenye habari za wauguzi? Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Alisomea hapa nyumbani, akafanya kazi miaka kadhaa katika hospitali ya kaunti, kisha akavuka kwenda Uingereza. Hayuko peke yake. Mwezi Julai 2021 serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya kwenda kufanya kazi huko, na leo karibu kila ukoo una mtu mmoja aliyekwenda au anayejiandaa kwenda. Ili akubaliwe, muuguzi aliyesomea nje hulipa kwanza ada za kuomba usajili na kufanya mitihani. Kwa viwango vya 2024, kupitiwa kwa maombi ni pauni 140, mtihani wa kompyuta pauni 83, mtihani wa vitendo pauni 794, na kuingizwa kwenye daftari la usajili pauni 153. Jumlisha mwenyewe: pauni 1,170 kabla hujamshika mgonjwa hata mmoja. Waajiri wengine husaidia kulipa, lakini si wote wala si zote.

Baada ya hapo ndipo inakuja ada ya kila mwaka, ambayo mwaka 2025 ilikuwa pauni 120. Dada yangu alikuwa akikatwa pauni 30 kila miezi mitatu. Kwa shilingi zetu ilikuwa kama 20,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 suala la kuipandisha liliporudi mezani, wodini kwao mjadala ukawaka. Kuna waliosema ada imekaa palepale zaidi ya miaka 10, kwa hiyo ni haki ipande. Kuna waliosema hata hiyo ya sasa hawajui inawanunulia nini. Dada akaniandikia kwenye WhatsApp: "Wewe si umesomea hesabu za kompyuta? Nitafutie jibu. Hii pesa yangu inaenda wapi, na wakituuliza maoni niseme nini?"

Nikamjibu, "Dada, nipe wikendi moja." Zikawa wikendi tatu.

Kwanza, baraza lenyewe

Wauguzi na wakunga wa Uingereza husimamiwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, linalojulikana kwa herufi NMC. Lilianza kazi mwaka 2002. Kufikia Machi 2025 daftari lake lilikuwa na watu zaidi ya 850,000, na takriban mmoja kati ya kila wanne alisomea nje ya Uingereza. Bila jina lako kuwa ndani ya daftari hilo huwezi kufanya kazi ya uuguzi kisheria. Huchagui kujiunga kama unavyochagua kujiunga na chama cha wafanyakazi. Unalipa, au unatafuta kazi nyingine.

Piga hesabu rahisi: watu 850,000 mara pauni 120 ni zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Ukiongeza pauni moja tu kwa kila mtu, umepata karibu pauni 850,000 nyingine. Ndiyo maana wasimamizi wa fedha hupenda kusema "ni nyongeza ndogo tu." Kwa mmoja mmoja ni ndogo. Kwa jumla ni mlima.

Zinafanya nini? Baraza hutunza daftari, huweka viwango vya mafunzo, hukagua vyuo. Lakini sehemu kubwa zaidi ya pesa huenda kwenye jambo moja: kuchunguza malalamiko na kuendesha mashauri ya kuamua kama muuguzi fulani anafaa kuendelea na kazi. Hapo kuna wachunguzi, mawakili, mashahidi, jopo la kusikiliza, na shauri moja linaweza kuchukua siku nyingi. Katika mwaka wa fedha 2023/24 malalamiko mapya yalikuwa zaidi ya 5,700, na daftari wakati huo lilikuwa na watu 826,000 na kitu. Yaani katika kila watu 1,000, kama 7 walilalamikiwa. Wale 993 waliobaki hawakulalamikiwa na mtu yeyote, ila ndio waliogharamia sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Sasa unaelewa kwa nini dada yangu anauliza inamnunulia nini. Jibu la kweli, ambalo si tamu, ni kwamba haimnunulii kitu. Inamnunulia mgonjwa.

Anayelipa si anayetumia

Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili vizuri. Kuna mteja anayelipia mfumo, na kuna mtumiaji anayeutumia kila siku, na mara nyingi si mtu mmoja. Mkurugenzi ananunua programu ya mishahara, karani ndiye anayeteseka nayo. Ukijenga mfumo bila kujua ni nani yuko upande gani, utasikiliza malalamiko ya mtu asiyefaa na kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Wauguzi wengi hudhani ada yao ni kama mchango wa chama. Katika chama kila mwanachama anaweka, na zamu yake ikifika anakula. Baraza la taaluma halifanyi kazi hivyo. Linafanana zaidi na ukaguzi wa matatu. Mwenye matatu hulipia gari lake likaguliwe kila mwaka, na mwaka 2004, wakati wa waziri John Michuki, alilazimika pia kununua mikanda na kidhibiti mwendo. Nani alilindwa? Abiria. Mwenye gari alitoa pesa ili mtu mwingine afike salama, na hakuna aliyemwahidi kitu kingine zaidi ya ruhusa ya kuendelea na biashara barabarani.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mwenye matatu akizidiwa na gharama hupandisha nauli, na sisi sote tunajua anavyoipandisha, hasa mvua ikinyesha. Muuguzi wa hospitali ya umma Uingereza hana nauli ya kupandisha. Mshahara wake umepangwa kwa ngazi. Mwaka 2024/25 muuguzi mpya katika ngazi ya 5 huko England alianzia pauni 29,970 kwa mwaka. Ada ikipanda, hawezi kumsukumia mtu mwingine. Inabaki mfukoni mwake, au tuseme inatoka mfukoni mwake.

Kuna nafuu ya kodi, nikaifurahia nilipoiona. Ada hii huruhusiwa kutolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo mtu wa kiwango cha kawaida cha asilimia 20 hurudishiwa pauni 24 kati ya zile 120. Masharti ni kwamba uombe mwenyewe. Nilimuuliza dada kama yeye na wenzake huomba. Akacheka. Wawili wodini walikuwa wanajua. Basi kama una ndugu huko anayefanya kazi hii, mtumie aya hii hata kama hatasoma makala nzima.

Tarehe ya kuanzia hesabu

Hapa ndipo wikendi yangu ya pili ilipoishia. Niliandika programu fupi sana, ambayo kiini chake ni mstari mmoja:

ada_ya_leo = ada_ya_mwanzo * bei_za_leo / bei_za_mwanzo

Yaani, kama ada ingepanda sambamba na mfumuko wa bei na si zaidi, leo ingekuwa ngapi? Nikachukua takwimu za bei za walaji za Uingereza, nikaanza na mwaka 2015, mwaka ambao ada ilifika pauni 120. Jibu: kufikia 2025 ingekuwa kama pauni 165. Kwa maana hiyo baraza limekuwa likilipwa pungufu mwaka hadi mwaka, huku kodi za ofisi, mishahara na mawakili vikipanda. Nikasema, haya, wanaotaka ipande wana hoja.

Kisha nikarudisha tarehe nyuma. Mwaka 2007 ada iliwekwa pauni 76. Nikaendesha programu ileile kuanzia hapo. Kufikia 2015 ingekuwa kama pauni 93, si 120. Na kufikia 2025 ingekuwa kama pauni 130.

Umeona? Programu ni ileile, takwimu ni zilezile, hakuna aliyedanganya. Ukianza 2015 ada ya 2025 ni ya chini sana. Ukianza 2007, ada iliruka mbali kupita bei za sokoni, kisha bei zikaifuata taratibu mpaka zikaipita kidogo. Pauni 165 na pauni 130 ni majibu mawili ya swali moja, na tofauti yake ni mstari unaosema mwaka wa kuanzia ni upi. Mtu akikuletea mchoro wa ada, usianze kuangalia mwisho wa mstari ulikofika. Angalia alipouanzia.

Nilipomtumia dada hizo namba mbili, alinyamaza kwa muda kisha akaandika: "Kwa hiyo wote wodini wako sawa?" Nikamwambia naam, ila kila mmoja anahesabu kuanzia siku yake. Wale wakongwe waliokuwepo enzi za pauni 76 bado wanalikumbuka lile ruko. Wale waliofika juzi, kama yeye, wamekuta 120 na hawajui ilitoka wapi.

Ruko lilivyotokea

Na ilitoka wapi? Hadithi hii inafaa kusimuliwa, kwa sababu ndani yake kuna somo zima.

Kufikia 2012 baraza lilikuwa na hali mbaya. Mashauri yalikuwa yamerundikana, watu wanangoja muda mrefu kujua hatima yao. Mwaka huohuo chombo kinachoyachunguza mabaraza ya taaluma za afya kilitoa ripoti kali kuhusu uongozi na uendeshaji wake, na miongoni mwa yaliyolaumiwa, enyi wenzangu, ni mifumo ya kompyuta. Fikiria kazi nzima ni kutunza daftari moja na majalada ya mashauri, halafu mifumo ndiyo inayokuangusha. Nikisikia mtu anasema programu nzuri ni anasa, huwa nakumbuka mambo kama haya. Mfumo mbovu hulipiwa pia, ila bili yake huja kwa jina jingine.

Baraza likapendekeza ada itoke pauni 76 hadi pauni 120 kwa mkupuo. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 58, wakati ambapo mishahara ya wafanyakazi wa umma ilikuwa imebanwa. Kelele zikapigwa. Mwishowe serikali ikatoa ruzuku ya pauni milioni 20, na ada ikapanda hadi pauni 100 tu, kuanzia Februari 2013.

Watu wakapumua. Lakini ruzuku ilikuwa ya mara moja, na mashauri hayakusoma tangazo la ruzuku, yaliendelea kuja. Mwaka 2014 baraza likarudi na pendekezo lilelile la pauni 120. Safari hii ombi la kulipinga lilitiwa saini na watu zaidi ya 100,000, na Bunge likalijadili Machi 2015. Mwezi huohuo wa Machi 2015 ada mpya ilianza kutozwa. Saini zaidi ya 100,000, mjadala Bungeni, na bado pauni 120.

Ukiisoma haraka hadithi hii utasema maoni ya watu hayana maana. Mimi nimeisoma tofauti. Ile ruzuku ya 2012 iliwapa wauguzi nafuu ya miaka miwili, lakini haikugusa kilichosababisha gharama. Ni sawa na kuwasha upya seva inayovuja kumbukumbu. Inarudi hewani, mnapongezana, mnaenda kulala. Baada ya siku kadhaa inaanguka palepale, kwa sababu mlitibu dalili na ule mstari mbovu bado umo ndani.

Na baada ya ruko lile, kikaja kimya. Miaka zaidi ya 10 bila kubadilika hata senti. Kimya hicho kinapendeza kwa anayelipa, lakini kina gharama yake. Anayezoea ada isiyosogea huumia zaidi siku inaposogea. Afadhali ipande pauni mbili tatu kila mwaka, kwa kanuni inayojulikana, watu waizoee na waweze kuihoji kila mwaka. Kama mnavyojua, hakuna mtu mwenye akili anayekaa miaka 10 bila kusasisha mfumo halafu akasasisha kila kitu usiku mmoja na kutegemea asubuhi kila kitu kiwake.

Kwa nini serikali isilipe tu?

Hili ni swali la dada, na ni zuri. Kama mgonjwa ndiye anayelindwa, na kila mtu ni mgonjwa siku moja, basi si kodi ya wote ndiyo ilipe?

Jibu linalotolewa siku zote ni uhuru wa baraza. Huko Uingereza mwajiri mkubwa wa wauguzi ni huduma ya afya ya umma yenyewe. Ukimfanya serikali awe mlipaji wa baraza, umempa mkono kwenye bomba la maji. Siku baraza litakapotaka kusema kwamba tatizo si muuguzi bali ni wodi yenye muuguzi mmoja badala ya wanne, kuna mtu ataangalia bajeti kabla hajasema. Hoja hii naikubali. Lakini nikimkubalia mtu kwamba uhuru una bei na bei hiyo nailipa mimi, basi nina haki ya kuuona huo uhuru ukifanya kazi, na kazi yenyewe ikiwa nzuri.

Na hapa baraza limekuwa na wakati mgumu. Mwezi Julai 2024 yalitolewa mapitio huru yaliyoongozwa na Nazir Afzal, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa eneo la kaskazini-magharibi mwa England. Yalieleza utamaduni mbaya wa kazi ndani ya baraza, ubaguzi wa rangi na uonevu vikiwemo, na mashauri yanayochelewa mno. Fikiria hilo likisomwa na muuguzi kutoka Kisii au Kakamega. Anaelewa kwamba mgonjwa lazima alindwe. Anakubali kulipa. Kisha anasoma kwamba nyumba inayoamua hatima ya kazi yake ina matatizo hayo ndani. Hapo suala la pauni ngapi linakuwa dogo. Swali linakuwa: ikitokea nimesingiziwa, nitasikilizwa na nani, na baada ya miaka mingapi?

Kuchelewa nako si jambo la makaratasi tu. Muuguzi aliyelalamikiwa na asiye na kosa hungoja vilevile na mwenye kosa. Mgonjwa aliyeumizwa naye anangoja. Pande zote mbili zinaumizwa na foleni moja.

Ada moja kwa wote

Jambo la mwisho kabla sijarudi nyumbani. Ada ni ileile kwa anayefanya kazi siku zote na anayefanya siku mbili kwa wiki kwa sababu ana watoto wadogo. Ni ileile kwa muuguzi wa mwaka wa kwanza na kwa mkurugenzi wa wauguzi wa hospitali nzima. Kwa viwango vya 2024/25, kwa anayeanza ngazi ya 5 zile pauni 120 zilikuwa asilimia 0.4 ya mshahara kabla ya kodi. Anayefanya nusu ya saa hizo, zilikuwa asilimia 0.8.

Wanaotetea ada moja husema ni rahisi kuendesha. Mimi nikisikia "ni rahisi kuendesha" kutoka kwa taasisi yenye daftari la kompyuta, huwa sishawishiki haraka. Safu moja zaidi kwenye jedwali haijaua mtu. Tena mfano upo hukohuko: baraza la madaktari, GMC, hupunguza ada kwa nusu kwa daktari mwenye kipato cha chini. Ada ya madaktari ni kubwa kuliko ya wauguzi, ndiyo, lakini kanuni ni ileile. Ikiwezekana kwa mmoja, mwingine aeleze kwa nini haiwezekani kwake.

Sisi je?

Sasa turudi kwetu, kama nilivyoahidi. Mwaka 2016, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, Bunge la Kenya lilipelekewa mswada wa wataalamu wa TEHAMA. Ulitaka kuwe na chombo cha kutusajili, na kila mmoja awe na leseni ya kuhuishwa kila mwaka. Ulipingwa vikali, hata waziri wa TEHAMA wa wakati huo, Joe Mucheru, hakuuunga mkono. Ukarudi kwa sura mpya kama mswada wa 2020, ukapita Bungeni mwaka 2022, na Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini.

Mimi nina shahada, pengine ningepata leseni bila shida. Lakini nusu ya walionifundisha kazi hii kwa vitendo walijifunza kwenye saiba, kwa saa za kulipia, na mmoja wao ndiye bora kuliko sote ofisini. Kwa hiyo nilifurahi mswada ulipokwama. Hata hivyo sidhani umekufa. Mambo yanayokwama mara mbili yana tabia ya kujaribu mara ya tatu. Na hoja ya kutetea usimamizi si ya kijinga: programu zetu sasa zinashika pesa za watu, majalada ya hospitali, na matokeo ya mitihani. Kuna wagonjwa wetu pia, ingawa hatuwaoni wamelala vitandani.

Basi siku hiyo ikija, tusianze kwa kuuliza "ni shilingi ngapi?" Tuulize kwanza nani analindwa na ada hiyo, na kama akiumia ana mlango gani wa kubisha. Pili, kanuni ya kupandisha ada iandikwe tangu mwanzo, pamoja na mwaka wa kuanzia hesabu, ili tusije tukapata miaka 10 ya kimya na usiku mmoja wa ruko. Tatu, anayeanza asilipe sawa na bosi. Nne, hesabu ziwe wazi kwa namna ambayo mtu anaweza kuzisoma: mashauri mangapi, yamechukua muda gani, kila moja limegharimu ngapi. Si kitabu cha kurasa 200 chenye picha za viongozi wakitabasamu.

Haya manne ndiyo niliyomwandikia dada pia, nikabadilisha tu neno mwanaprogramu likawa muuguzi. Kuhusu aseme nini akiulizwa maoni, nilimshauri asiandike "hapana" peke yake. Saini zaidi ya 100,000 za "hapana" zilishatolewa, na tumeona zilipoishia. Aulize muda wa mashauri. Aulize kuhusu ada ya wanaofanya kazi nusu. Aulize ni mwaka gani wametumia kuanzia hesabu zao. Swali lenye namba ndani yake ni gumu kuliweka kando kuliko hasira, hata hasira ya haki.

Akanijibu: "Sawa, lakini nitaandika na hasira kidogo." Nikamwambia aweke, ila mwishoni.

Nanyi wasomaji, najua humu kuna walimu, wahandisi, wahasibu, mawakili, na wote mnalipa mahali. Je, umewahi kuziona hesabu za chombo kinachokukata kila mwaka? Unajua ni sehemu gani ya pesa yako inayomfikia mtu unayepaswa kumlinda? Niandikieni. Na kuna mtu aliye tayari kunipa ada za taaluma yake za miaka 15 iliyopita, nitampitishia kwenye ile programu yangu ya mstari mmoja bure kabisa. Tutaanza mwaka atakaouchagua yeye, halafu tutaanza na mwingine, tuone.

Mpaka wakati mwingine, na ile ya hifadhidata sijaisahau.